Uhodari wa Shujaa wa Kike Uonekane Mikononi

Filamu ya kwanza ya bunilizi ya kisayansi niliyoitazama kwa makini niliiona katika kibanda cha video hapa Tanga, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na karibu wote tuliobanana kwenye mabenchi yale hatukujua Kiingereza. Ilikuwa Aliens ya mwaka 1986, iliyoongozwa na James Cameron. Ripley, mhusika mkuu, amepanda chombo cha anga pamoja na wanajeshi wasiojua atawafaa kwa lipi. Anaomba kazi, anaingia katika mashine ya kupakia mizigo inayovaliwa kama mwili wa chuma, ananyanyua mzigo mzito kwa utulivu, kisha anauliza auweke wapi. Sajenti anacheka kwa kuridhika, nasi tukacheka naye. Mwishoni, Ripley aliporudi ndani ya mashine ileile kupambana na malkia wa viumbe hatari waliokuwa wakiwashambulia, hakuna aliyeuliza amejifunza lini kuiendesha.

Tangu siku hiyo nimeshikilia kwamba uhodari wa shujaa wa kike sharti tuuone mikononi mwake kabla hatari haijabisha hodi. Jambo hili lina uzito zaidi katika bunilizi za kisayansi kuliko katika filamu nyingine, kwa sababu vifaa vyake vingi havipo duniani, na mtazamaji hana kipimo cha ugumu wa kazi isipokuwa mwili wa yule anayeifanya: bega linavyopokea uzito, vidole vinavyotafuta swichi bila macho kusaidia. Mwongozaji anayewaachia wahusika wengine wamsifu kuwa rubani asiye na mfano, kisha akaikatakata picha ya pambano vipande vifupi vifupi hata tusione nani kafanya nini, anatutaka tuamini sifa tu. Hilo linaniudhi, hasa kwa kuwa wahusika wa kiume huachiwa muda wa kuonekana wakifanya kazi.

Katika filamu ya Terminator 2 ya mwaka 1991, shujaa wa kike Sarah Connor tunaanza kumwona amefungiwa hospitalini, akijinyanyua kwa mikono kwenye fremu ya kitanda alichokisimamisha. Picha hiyo inatosha kutueleza miaka yake ya kifungo ameitumiaje.

Nikitafuta mfano wa karibu, namkumbuka shangazi yangu wa Kigombe, mvuvi wa pweza. Wakati wa bamvua, bahari inapokupwa sana na kuacha miamba wazi, hutembea taratibu akitazama chini, fimbo yenye chuma nchani mkononi. Pweza hutupa magamba ya kaa na makombe mbele ya tundu lake, na shangazi huyasoma kama mtu asomavyo barua: yaliyokauka na kuota ukungu wa mwani huyapita, yaliyo safi humsimamisha. Nilipofuatana naye utotoni nilidhani uhodari wake ni ule mvuto mmoja wa kumtoa pweza, kumbe ulikuwa katika matundu yote aliyokataa kuyachokoa.

Wanuri Kahiu wa Kenya ameuelewa utulivu wa namna hiyo katika Pumzi, filamu fupi ya mwaka 2009 kuhusu dunia iliyokaukiwa maji. Asha, mhifadhi wa makumbusho, analetewa udongo. Anaupima kwa mashine, anaunusa, kisha anapanda mbegu na kuinyweshea maji kutoka katika mgao wake mdogo. Maneno ni machache mno, na hakuna anayetutangazia kuwa ni mtaalamu, lakini kamera inakaa na mikono yake hadi tunajua.

Vijana wa hapa Tanga wanaojifunza kupiga picha za filamu wana miamba, wana bamvua na wana walimu kama shangazi. Natamani siku moja wanionyeshe mwanamke wa pwani yetu akivua katika bahari ya sayari nyingine, na kamera ianze na matundu anayoyapita.