Digrii ya mbali au diploma ya hapa Mwanza? Kwa anayetaka kusomea kompyuta

Kila matokeo ya Form Six yakitoka swali linarudi lile lile, mzazi ana kijana wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) au EGM (uchumi, jiografia, hesabu), kafaulu vizuri tu, anapenda kompyuta, sasa aende chuo gani. Wa Form Four naye yupo, ila huyo mara nyingi hata haulizwi, anaambiwa tu subiri selekisheni. Na majibu mtaani ni mawili. Wengine wanasema nenda Dar au Dodoma ukachukue digrii, familia ibane mpaka mwisho, maana bila digrii hakuna kazi ya maana. Wengine wanasema digrii zimejaa mtaani zinaendesha bodaboda, baki hapa Mwanza uchukue diploma, ujue kazi ya mikono, uanze kula mapema.

Mi nafanya kazi za netiweki na mifumo ya mauzo kwenye maduka na maghala ya hapa mjini, vijana wa fildi wanapita kwetu wa digrii na wa diploma, na naona kila upande una hoja yake. Shida ni kwamba wote wanabishana kuhusu jina la chuo, wakati kinachombana kijana miaka yote ya mbele ni kozi aliyoandikishwa na pesa ya kuisomea.

Tuanze na digrii ya mbali, maana hoja yake ina nguvu kuliko wale wa "digrii ni karatasi tu" wanavyotaka kukubali. Fungua tangazo lolote la Sekretarieti ya Ajira la Afisa TEHAMA daraja la pili, utakuta wanataka shahada ya Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Uhandisi wa Kompyuta au inayofanana na hizo. Pale mfumo haukuulizi unaweza kufanya nini, unauliza cheti, huna basi umeishia hapo hapo, hata kwenye usaili hufiki. Na usiseme ajira za serikali sio tekinolojia, halmashauri, hospitali, mamlaka za maji, zote hizo siku hizi zinaendeshwa na mifumo na lazima kuna mtu wa kuiangalia.

Halafu Dar ndiko makao makuu ya benki na kampuni za simu yaliko. Anayesoma CoICT, koleji ya TEHAMA ya UDSM, yuko Kijitonyama, fildi anaitafuta kwa daladala, wakati wa kwetu akitaka fildi kwenye kampuni kama hizo inabidi kwanza atafute ndugu wa kumpa pa kulala. Dodoma nako, ile CIVE ya UDOM ni koleji nzima ya mambo ya kompyuta, sio idara imechomekwa kwenye chuo cha biashara. Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana, nacho ni wenzako wa darasani. Ukikaa miaka mitatu na vijana waliotoka Ilboru na Kibaha na Tabora Boys, wanaoshindana nani programu yake inaisha haraka, unajifunza bwenini usiku mambo ambayo mwalimu hakuyagusa. Hiyo huwezi kuipata kwenye video za YouTube peke yako chumbani Buhongwa.

Sasa upande wa diploma, na hapa naomba wazazi wakae chini wapige hesabu badala ya kuona aibu. Wa Form Four akienda Advance ni miaka miwili, afu digrii mitatu au minne kutegemea kozi. Akienda diploma moja kwa moja, anaanza ngazi ya nne ya NTA, zile ngazi za elimu ya ufundi, mpaka ya sita, ni miaka mitatu, anatakiwa awe na ufaulu wa masomo manne tu kuanzia D, japo kozi za kompyuta mara nyingi zitauliza hesabu au fizikia. Akimaliza na GPA, yani wastani wa alama zake, ya 3.0 kwenda juu mlango wa digrii uko wazi. Kwa hiyo tofauti kati ya njia hizi mbili ni kama mwaka mmoja hivi, basi. Ila huyu wa diploma katikati ya safari ana kitu mkononi, na yule wa Advance akiteleza mtihani wa Form Six anabaki na cheti cha Form Four na nadharia ya fizikia kichwani. TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, wanataka masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, yani D mbili zinafika, lakini kufika kwenye kiwango cha chini na kuchaguliwa Sayansi ya Kompyuta chuo kikubwa ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kazi za hapa je? Zipo bhana, tena za watu wa diploma. Kamera za ulinzi, mashine za EFD za kutolea risiti za kodi, mifumo ya mauzo madukani, kuvuta faiba, vyumba vya baridi vya viwanda vya samaki ambavyo joto lake lazima lirekodiwe saa zote kwa sababu mnunuzi wa nje anadai rekodi. Hapo hujavuka kwenda Geita kwenye machimbo, na siku hizi tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hiyo safari haina tena foleni ya kivuko.

Nitoe mfano mmoja niliouona kwa macho. Ghala moja la vinywaji upande wa Igoma, asubuhi kompyuta za kaunta moja moja zinapotea kwenye netiweki, zinarudi, zinapotea tena, foleni ya wateja inakua na bosi anafoka. Tulikuwa na vijana wawili. Wa digrii akafungua kompyuta yake akaanza kupima, yuko makini kabisa. Wa diploma hakugusa kitu, akamfuata keshia akamuuliza, "Dada, kuna kitu kipya kimechomekwa humu?" Kumbe kuna mtu katoka na rauta yake ya Wi-Fi nyumbani akaichomeka kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za netiweki, ili simu yake ipate intaneti. Rauta mbili zote zinagawa anwani kwenye netiweki moja, kila kompyuta inafuata itakayojibu kwanza. Akachomoa waya, wakazima na kuwasha kompyuta, kazi ikaendelea.

Lakini subiri, hadithi haijaisha hapo, watu wa diploma msishangilie. Jioni bosi akalalamikia ripoti ya mwisho wa mwezi, ukiiomba unakunywa chai mpaka unamaliza ndio inatoka. Hapo wa diploma alitaka waongeze RAM, yani kumbukumbu ya kompyuta. Wa digrii akaingia kwenye databesi, akaona jedwali la mauzo halina faharasa kwenye tarehe, maana yake kila ukiomba ripoti ya mwezi mmoja mashine inasoma mauzo yote tangu ghala lifunguliwe, mstari kwa mstari. Akaandika amri ya mstari mmoja, ripoti ikatoka hapo hapo, RAM haikununuliwa. Sio kwamba ana akili kuliko mwenzake, alifundishwa databesi ndani yake inafanyaje kazi, wakati mwenzake alifundishwa jinsi ya kuitumia.

Sasa ya asubuhi ndiyo inayolipwa kila siku hapa Mwanza. Ya jioni ndiyo adimu, na ndiyo inayokupeleka kwenye mshahara mkubwa. Kwa hiyo ukiniuliza diploma au digrii nakuuliza kwanza huyo dogo hesabu anaziwezaje, na nani analipa.

Hesabu nazisisitiza kwa sababu kuna fasheni imeingia. Vyuo vimeanzisha digrii zenye majina matamu, usalama wa mtandao, sayansi ya data, akili unde, na vijana wanakimbilia huko kwa jina. Sikatai kwamba kuna mtu zinamfaa, aliyejua tangu sekondari kwamba anataka kuchunguza makosa ya mtandao akaenda chuo cha uhasibu Arusha (IAA) au UDOM kwenye kozi za namna hiyo yuko sawa, na hizo ajira kweli zinakua, benki zinaibiwa kila siku. Ila kwa mtu ambaye hajui bado, digrii ya kwanza chagua pana. Kwanza kwa sababu ya lile tangazo la ajira, "au inayofanana na hizo" ni maneno ambayo afisa anayechuja maombi anaweza kuyasoma anavyotaka, Sayansi ya Kompyuta haimpi nafasi ya kubisha. Pili kwa sababu huwezi kulinda netiweki ambayo hujui inavyofanya kazi, wala huwezi kufanya sayansi ya data kama takwimu zilikupita. Ukishika orodha ya masomo ya kozi, tafuta haya: hesabu zenyewe, takwimu, algoriti na miundo ya data, mifumo endeshi, netiweki, databesi. Yakikosekana matatu hapo na badala yake kuna ujasiriamali, mawasiliano ya biashara na "utangulizi wa" hiki na kile, hiyo kozi ni jina tu, hata kama jengo lina lifti.

Na tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022 jambo hili limezidi kuwa zito. Zile kazi ndogo za kutengeneza tovuti ya duka ambazo kijana wa mwaka wa pili alikuwa anapatia vocha, mwenye duka sasa anaitengeneza mwenyewe kwa kuongea na simu. Kilichobaki ni kujua kwa nini kitu hakifanyi kazi, na hicho kinatoka kwenye yale masomo magumu.

Uhandisi wa kompyuta, wa programu au wa mawasiliano kwa kawaida ni miaka minne, Sayansi ya Kompyuta mitatu. Mwaka wa ziada una faida, kozi yako ikitambulika unaweza kusajiliwa na ERB, bodi ya wahandisi, kama mhandisi, lakini ni mwaka mwingine wa kula, kulala na deni la Bodi ya Mikopo. Na hiyo Bodi ukianza kazi inakata asilimia 15 ya mshahara wako mpaka deni liishe.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo familia nyingi za ziwani zinaumia. Kozi za kompyuta vyuo vya serikali ada ni milioni moja na kitu kwa mwaka, na mwenye mkopo wa Bodi ana boom ya kula na kulala, shilingi 10,000 kwa siku. Akiwa nayo, nenda, hata Mbeya kule MUST, chuo cha sayansi na teknolojia, usiogope umbali. Mkopo unatolewa hata kwa wa vyuo binafsi, tatizo ni kwamba ada ikiwa kubwa mkopo unaacha pengo, na pengo hilo linazibwa na mzee mwenye mtumbwi Ukerewe au mama wa dagaa pale Mwaloni Kirumba. Dagaa wanavuliwa giza, mwezi ukiwaka pesa inakauka, na chuo hakijali mwezi uko wapi, ukifika mtihani hujamaliza ada hupewi namba. Nimeona kijana kasimama mwaka wa pili kwa hilo, ana deni la Bodi, ana deni la chuo, cheti hana. Kwa hiyo digrii ya ada kubwa, mkopo nusu, kozi ya jina la fasheni, hiyo ndiyo njia pekee hapa ambayo mi naipinga wazi wazi. Ina gharama ya digrii na haina usalama wa diploma.

Diploma nayo haiko huru kwenye hili, tuseme ukweli. Form Five na Six shule za serikali ada ilifutwa 2022, diploma unalipa. Bodi walianza kukopesha wa diploma mwaka wa masomo 2023/24 lakini ni kwa fani za kipaumbele tu, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako kabla hujamwahidi mtoto. Na uchaguzi wa hapa Mwanza sio mpana kihivyo. SAUT ya Malimbe jina lake limejengwa na uandishi wa habari, sheria, biashara na ualimu. DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, wana kampasi hapa lakini ilitokana na chuo cha mambo ya ngozi, usidhani kila kozi ya Dar utaikuta. CBE ya biashara na IFM ya fedha wana kampasi, VETA ya ufundi stadi iko Nyakato. Kabla ya kulipa fomu angalia kwenye mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya diploma, hiyo kozi imesajiliwa kwa kampasi ya Mwanza au ya makao makuu, ni vitu viwili, afu nenda siku ya kazi omba kuona maabara, uone kompyuta ngapi zinawaka na swichi ngapi wanafunzi wanaruhusiwa kuzigusa.

Anayebaki ni yule wa Form Six aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, mfano Sayansi ya Kompyuta mkoa wa mbali ambako hana ndugu, na IT chuo cha jirani ambako atalala nyumbani, na majibu ya mkopo hayajatoka huku dirisha la kuthibitisha linafungwa. Huyu akiwa na hesabu nzuri mi namwambia athibitishe ya mbali, maana kuhama kutoka kozi pana kwenda nyepesi ni rahisi kuliko kinyume chake, na mkopo ukigoma akiulize chuo kwa barua kama kinaruhusu kuahirisha mwaka, sio kupotea kimya. Akiwa alipata hesabu kwa kuvizia, basi IT ya jirani, na pesa ya nauli na hosteli inunue laptop.