Paka Ana Kabati, Mbwa Ana Ua, Mimi Nina Nini?

Mimi ni fundi cherehani. Siasa sikusoma, usuluhishi sikusomea, lakini nyumbani kwangu Kisauni nimegeuzwa balozi wa amani. Mshahara sina, gari lenye bendera sina, na pande zote mbili zinanidharau.

Chanzo ni mitungi ya gesi. Mtaa wetu umeingiwa na vijana wa kuruka kuta. Ukilaza mtungi uani, asubuhi unapikia mkaa. Shemeji yangu wa Mtwapa, mtu wa kusaidia hata usipomwomba, akashuka kwenye tuktuk na kamba mkononi. Mwisho wa kamba palikuwa na mbwa wa mwaka mmoja hivi, miguu mirefu, masikio hayajaamua yasimame au yalale.

"Huyu ndiye mlinzi wako, shemeji. Humlipi kitu. Umlishe tu."

Umlishe tu! Jamani, watu wa "tu" ndio waliotufikisha hapa tulipo.

Kabla sijavaa makubazi nikamkague, watoto walishampa jina. Jambazi. Nikawaambia, wanangu, mbwa wa kuzuia majambazi haitwi Jambazi. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Haya, usiku ule ule akaponyoka mlangoni, nami nikatoka mbio uchochoroni na msuli wangu nikiita, "Jambazi! Jambazi!" Mtaa mzima ulitoka na marungu. Yule mama wa viazi karai alitoka na karai lenyewe, mafuta yakitokota ndani. Nilisimama chini ya taa ya barabarani nikijieleza mimi ni nani, mbele ya watu ninaowashonea nguo kila Idi.

Upande wa pili wa mgogoro ni Shani, paka wa mke wangu, Mama Zuhura. Paka wa Mombasa mnawajua. Nendeni Mji wa Kale muwaone walivyojilaza kwenye baraza za watu, ukitaka kupita wewe ndiye unayezunguka. Shani alizaliwa chini ya meza ya muuza samaki, na tangu aingie kwetu hajabadili mlo: vibua. Mimi mwenye nyumba naletewa mchicha naambiwa unaongeza damu. Kwani damu ya paka inaongezwa na nani?

Walipoonana mara ya kwanza, Jambazi aliinamisha kifua, akainua makalio, akatikisa mkia wote. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba kwa mbwa hiyo ni barua ya kuomba mchezo. Shani barua hakuisoma. Alifura akawa paka wawili, akamchapa makofi ya pua, akapaa juu ya kabati ambako naweka nguo za wateja. Huko juu, kwa hofu, alikifanya alichokifanya kwenye suruali ya bwana harusi mmoja. Sitataja zaidi, maana bwana harusi ana simu na anapenda kusoma.

Nikapeleka shauri barazani, penye kahawa tungu na wataalamu wa kila jambo. Mmoja akasema wafungie chumba kimoja usiku mzima, wakimalizana watapatana. Mwengine akasema wapake wote mafuta ya nazi, wanuke mamoja. Wa tatu akasema paka mpeleke ng'ambo ya Likoni umwache huko. Nikamwambia huyo atarudi na feri ya kwanza, wa miguu hawalipi.

Maalim ndiye aliyezungumza la maana. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, akasema, ila kaa naye uani, na akiramba chombo, kwa madhehebu yetu ya Shafii kioshwe mara saba, moja kwa mchanga. Paka hana shida, huyo amehesabiwa katika wenye kutuzunguka majumbani. Nikashukuru, kisha nikapiga hesabu ya maji. Maji ya chemchemi ya Mzima na visima vya Baricho tunayasikia kwenye redio. Bombani kwetu hutoka pumzi, na maji tunayoyaoga huja kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, kwa pesa. Na Jambazi ana ulimi usiojua mipaka! Sufuria moja akiiramba, nimeshapoteza faida ya kupunguza suruali.

Basi nikaenda kwa daktari wa mifugo. Mwenye tuktuk alinitoza mbwa nauli ya mtu mzima, nikilalamika ananionyesha: mbwa amekaa kwenye kiti, mimi nimechuchumaa.

Daktari ni binti mdogo wa miwani, ananiita baba kwa adabu kabla ya kila gharama. "Baba, tuanze na chanjo ya kichaa cha mbwa." Nikasema sawa. "Na paka pia, baba." Paka na kichaa cha mbwa wapi na wapi? Kumbe paka naye hukipata, na akikuuma anakuambukiza. Ukutani palikuwa na bango: Kenya inataka ifikapo mwaka 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinacholetwa na mbwa, ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali hapo hapo, jeraha liwe dogo namna gani. Dakika 15 za maji yanayotiririka, mimi wa mkokoteni! Lakini hilo nimelikubali bila kunung'unika, nimeweka na mtungi wa akiba. Ugonjwa ule dalili zikishatoka, aliyepona ni wa kuhadithiwa.

Kisha akanieleza habari ya hawa mahasimu wangu. Wangekutana udogoni, paka akiwa na wiki mbili hadi saba, mbwa kuanzia wiki ya tatu hadi miezi mitatu hivi, wangekubaliana bila vikao. Wakubwa wanahitaji utaratibu. Kwanza wasionane kabisa. Wajuane kwa pua, kwa sababu wao jina la mtu ni harufu yake. Chukua kitambaa, mlalishe nacho mmoja, umpe mwenzake anuse, siku nyingine ubadilishe.

Mimi ni fundi. Nyumbani nina magunia ya vipande vya vitambaa, kuanzia kitenge hadi kadeti. Mama Zuhura alichukua nini? Kikoi changu. Kile kizuri, cha Ijumaa. Nikauliza kwa nini. "Baba Zuhura, kina harufu yako, kitawatuliza." Nimeoa mwanamke mwenye majibu.

Hatua ya pili ilikuwa mlango wa jikoni. Mlango umefungwa, sahani ya Shani ndani, ya Jambazi uani, kila mmoja anakula akisikia mwenzake anavyotafuna. Wakizoea, sahani zinasogezwa karibu kidogo. Mmoja akiguna, zinarudishwa nyuma. Yaani mwenzake awe habari njema: kila akinusa paka, anapata mapupu. Na nani aliwekwa mlangoni pale kusukuma sahani, kupima milo, asipite wala asitoke? Mlo wa usiku nilikuwa nala nimesimama, mgongo mlangoni, nikihema joto la kaskazi na mvuke wa mapupu.

Sahani zenyewe zina kesi. Nikasema kwa ubahili wangu wa haki: chakula cha mbwa si kipo, kwa nini paka asile hicho hicho? Daktari akanizuia. Kuna kitu kinaitwa taurini. Mbwa kwa kawaida hujitengenezea mwilini, paka hawezi kutengeneza cha kumtosha, lazima akipate kwenye nyama na samaki, akikikosa macho na moyo vinaharibika. Kwa hiyo vibua si deko, ni dawa. Shani alikuwa magotini pangu akiyasikia hayo, na tangu siku ile ananitazama kwa cheti cha daktari.

Ikaja siku ya kukutanishwa uso kwa uso, mbwa kafungwa kamba. Hapa daktari alisisitiza sana: asimkimbize hata mara moja. Paka akikimbia, mbwa damu ya uwindaji inamwamka, na kule kukimbiza kwenyewe ni utamu, hahitaji kumkamata ili apende kurudia. Akimtazama paka kisha akageuza uso, mpe kipande cha nyama. Akimkazia macho, mwite. Usimpige wala usimpigie kelele, atajua paka ndiye mkosi. Nikashika kamba mkono mmoja, nyama mkono wa pili. Mbwa akigeuza uso anapewa, akigeuza tena anapewa. Mimi ninageuza uso wangu mbali na mambo mengi mjini hapa, sijawahi kupewa kitu.

Na mikia. Wote wawili wanatikisa, mmoja anasema karibu, mwengine anasema thubutu. Mbwa akiupepea mwili mzima ukalegea, mara nyingi ni furaha. Paka akiuchapa huku na huku, ondoka. Nimekuwa mkalimani wa mikia, mimi ambaye uso wa mke wangu bado unanishinda.

Lakini kilichonimaliza ni habari ya juu. Paka, daktari alisema, akiwa na mahali pa juu pa kukimbilia, mbwa asipofika, hofu inamtoka na ugomvi unapungua. Mama Zuhura alilisikia hilo akalipenda kupita kiasi. Juu ya kabati pakafutwa, nguo za wateja zikahamishwa. Rafu ya nyuzi zangu ikawa ngazi ya Shani. Pale nilipokuwa naweka redio pana sahani ya vibua, ili Jambazi asiifikie, maana mbwa huona chakula cha paka ni sherehe. Hata kasha lake la mchanga lilifichwa nyuma ya cherehani, kwa kuwa mbwa kule nako hufuata... basi, niishie hapo, pengine mwasoma mkila mahamri. Ninashona suti za watu huku nyuma yangu paka anafukua. Wateja wananiuliza, fundi, ni nini hicho? Nawaambia ni jirani anajenga.

Yote hayo, nisiseme uongo, yalifanya kazi, polepole, kwa majuma na majuma. Jambazi alianza kumpita Shani bila kumjali. Shani akaanza kushuka rafu moja, kisha nyingine. Siku moja nikamkuta kalala kivulini uani, mbwa naye kalala upande wa pili wa ndoo, hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikaita familia nzima waje waone. Nilijisikia nimeunganisha nchi.

Sasa wamekuwa marafiki, na hapo ndipo nilipotaka kufika. Wiki hii nimeletewa changu wa kupaka, samaki wa pesa zangu, akawekwa juu ya friji apoe. Shani akapanda, ana ruhusa ya juu. Akanusa, akaweka mkono, akasukuma sahani taratibu. Chini, kwenye kizingiti, asiingize hata ukucha ndani, maana amefundishwa, Jambazi alikuwa amekaa anasubiri. Shani akashuka, akamsogezea mwenzake kichwa cha samaki mpaka mlangoni. Kiwiliwili akakila mwenyewe. Kwa ule ulaini wa mgao wao, nina hakika haikuwa mara ya kwanza.

Nilipopaza sauti, Mama Zuhura alitoka chumbani akaniuliza, "Si wewe uliyetaka wapatane?"

Chakula changu cha usiku kimehamishiwa kwa jirani, nabisha hodi nipewe. Jana nilimpigia simu daktari nikamuuliza kama kuna njia ya kuwakosanisha kidogo, si sana, kiasi cha sahani moja tu. Akasema ipo, baba, njoo nao wote wawili, ada ni ile ile.