Mothership ya George Clinton si feki

Juzi niliweka picha ya Mothership, mfano wa chombo cha anga uliokuwa ukishushwa jukwaani kwenye maonyesho ya George Clinton, kiongozi wa bendi ya muziki wa funk ya Parliament; hii iliyoko kwenye makumbusho ya Wamarekani weusi pale Washington. Haikupita dakika, mjuaji mmoja kaja: "Hiyo feki. Ya kwanza iliishia chuma chakavu." Akamalizia na vikatuni vya kucheka.

Haya, tuanze na alipopatia. Ile iliyoshuka jukwaani New Orleans mwaka 1976 haipo tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bendi ilikuwa imezama kwenye madeni, na sisi tuliokulia na dansi la Dar tunajua deni likigonga hodi, vyombo ndivyo hutangulia kutoka. Ikatupwa kwenye mavyuma huko Maryland. Iliyopo leo ilitengenezwa katikati ya miaka ya 1990, Smithsonian, taasisi yenye makumbusho hayo, wakaichukua mwaka 2011. Umeshinda, mjuaji. Jipongeze.

Sasa niambie, hapo nani kaibiwa? Clinton mwenyewe ndiye aliyeisimamisha tena. Bendi yake ilizunguka nayo, ikashushwa kwenye moshi na taa mbele ya watu waliolipa kiingilio, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye lori, ikafungwa upya mji mwingine. Zaidi ya kilo 500 hizo, na kuna migongo iliyoumia. Imefanya kazi! Ngoma ikipasuka huwambwa ngozi mpya na usiku huohuo watu wanacheza. Sijaona mtu akigoma kuingia uwanjani eti anasubiri ngozi ya kwanza.

Halafu kilichokuwa kikishuka pale hakikuwa alumini tu. Aliyekuwa akiiita ishuke ni Glenn Goins, mwimbaji wa bendi hiyo, kwa maneno yaliyotoka kwenye nyimbo za kiroho za watumwa, zile za gari la mbinguni linalokuja kumchukua mtu limpeleke kwao. (Kama hujawahi kumsikia Goins, acha kusoma, nenda kamsikilize kwanza. Alifariki 1978, hata miaka 25 hajafikisha. Inauma.) Mababu waliimba gari, wajukuu wakashusha chombo cha anga, na ndani yake akatoka Dr. Funkenstein, yaani Clinton mwenyewe, kwa madaha yake yote. Hayo wewe unataka kuyapima kwa tarehe ya kuchomelea bati?

Kama ni hasira, mimi ninayo, ila naielekeza kwingine. Ile ya kwanza ilitupwa Seat Pleasant, mpakani kabisa mwa Washington. Ukiwa na lori, kutoka hapo hadi kwenye majumba ya Smithsonian ni safari fupi kama ya daladala moja. Na Washington ndiyo mji ambao Parliament waliuimbia Chocolate City mwaka 1975! Makumbusho yalikuwapo, maghala yalikuwapo, wasomi wenye miwani yao walikuwapo. Lakini funk wakati ule ilikuwa kelele za vijana, siyo urithi. Urithi ulikuja baadaye, vyuma vilipokwisha kuyeyuka.

Jengo hilohilo lina Cadillac nyekundu ya Chuck Berry, mkongwe wa rock and roll, gari la mwaka 1973. Watu wanapiga nayo picha hadi simu zinaisha chaji. Bado sijasikia hata mmoja akiuliza kama matairi ni yaleyale.