Posa Chini ya Waridi

Mjomba wangu akifunguliwa ramani huona mistari tu, saa hazioni. Ndiyo maana tulipopanga kutua Frankfurt asubuhi na kuendesha gari hadi Trier kwa ajili ya posa ya binti yake, alitia kidole kwenye msitu ulio karibu na mto Mosel, katikati ya safari yetu, akatamka kwa sauti ya hakimu anayesoma hukumu: “Ngome ya Eltz ni njiani.”

Kwa haki, ilikuwa njiani. Ukitoka uwanja wa ndege unashika barabara kuu ya A3 kuelekea kaskazini, ukikaribia Koblenz unaingia A48 inayokwenda magharibi, unatoka penye kibao cha Polch, unapita vijiji vichache, na umefika. Ukimaliza kutazama unairudia A48 na kuendelea hadi Trier, ambako wakwe watarajiwa, Wajerumani watupu, walikuwa wametualika kwa kahawa na keki saa tisa alasiri. Kwenye karatasi hapakuwa na mtu wa kumpinga mjomba. Nilipojaribu kumkumbusha kwamba tungekuwa tumetoka kukesha angani, alinijibu kwamba wao ndio wanaoposa, na mwenye binti hakimbilii posa.

Shauku yake ilikuwa na asili. Ujanani alikuwa baharia wa meli za mizigo za Kijerumani, na katika noti za Ujerumani za zama hizo, ile ya marki 500 ilikuwa na picha ya ngome ya Eltz mgongoni. Alifanikiwa kuishika moja, akaapa kutoitumia, na akaihifadhi Tanga ndani ya kitabu cha dua kwa miaka yote hiyo. Nilimweleza kwamba Benki Kuu ya Ujerumani bado inazibadilisha marki bila kikomo cha muda, na kwamba angepata zaidi ya euro 255. Alinitazama kama mtu aliyeshauriwa kuuza kaburi la babu yake. Alichotaka ni kusimama mbele ya jengo lenyewe, noti mkononi, ahakikishe kwamba Wajerumani hawakumdanganya.

Tulitua tukiwa na macho mekundu, tukasubiri mizigo, tukasubiri tena kwenye dirisha la magari ya kukodi, na ilipokaribia saa tano ndipo nilipokaa nyuma ya usukani uliokuwa upande wa kushoto. Magari yetu ya nyumbani, mengi yakiwa yametoka Japani, yana kijiti cha taa za kugeuzia mkono wa kulia. Haya ya Ulaya wamekiweka mkono wa kushoto, na penye mazoea ya mkono wangu wa kulia wameweka kijiti cha vifuta kioo. Kwa hiyo kila nilipotaka kuwaarifu Wajerumani kwamba nahamia njia nyingine, niliwafutia kioo kikavu chini ya jua kali. Mjomba alijitwika jukumu la kunielekeza, bila kujali kwamba maisha yake yote ya ubaharia aliyamaliza kwenye chumba cha injini, mahali ambapo mtu haoni meli inakwenda wapi.

Baada ya Limburg, usingizi ukanizidi nguvu. Nikaegesha kwenye kituo cha mapumziko, nikamwomba mjomba aniamshe baada ya nusu saa. Nilipozinduka, jua lilikuwa limehama upande wa pili wa gari na mjomba alikuwa akikoroma, miwani yake ya jua ikiwa usoni na noti kifuani. Alipoamka alieleza kwamba si adabu kumkatiza mtu usingizi.

Maegesho ya Eltz yapo juu msituni, jirani na kanisa dogo la Mtakatifu Antoni, na kutoka hapo unachagua: basi dogo la kulipia, barabara ya lami yenye mteremko mkali, au njia ya miguu inayopita kati ya miti. Tulishika lami. Kwenye kona moja miti inaachana ghafla, na ngome unaiona chini yako, kinyume cha desturi ya ngome: imekaa juu ya jiwe bondeni, kijito cha Elzbach kikiizunguka pande tatu, minara na vibaraza vyake vimebanana. Nikiri kwamba hapo nilinyamaza. Mjomba naye alinyamaza, kisha akainyoosha noti mbele ya jicho moja na kutamka maneno yaliyotugharimu karibu saa nzima: “Mchoraji hakusimama hapa.”

Tukaanza kumtafuta mchoraji. Mjomba alirudi nyuma, akashuka, akapanda upande wa pili, akawaomba watalii wa Kijapani wasogee, akahesabu minara kwa kidole na kuupunguza ule mmoja ambao kwenye noti haukuwepo. Nilimwonyesha mlimani magofu ya Trutzeltz, ngome ambayo Balduin, askofu mkuu wa Trier, aliijenga mwanzoni mwa miaka ya 1330 ili awapige mawe wenye Eltz waliokataa kumtii, nikitumaini kwamba kutajwa kwa Trier kungemkumbusha kahawa. Akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema kumbe watu wa Trier walianza zamani kuwabughudhi wenye nyumba hii.

Tulipoingia uani, ilikuwa imebaki nusu saa kufika saa tisa. Ndani hutembei peke yako. Unaongozwa kwa kundi, ziara huchukua kama dakika 40, na zamu iliyokuwa karibu ilikuwa ya Kijerumani. Mjomba alifurahi. Kijerumani chake alikipata kwenye chumba cha injini, kwa hiyo kina majina ya spana zote na amri zote za nahodha, pamoja na matusi, na karibu hakina kitu kingine.

Kiongozi wetu, kijana mpole, alisimulia kwamba jina la Eltz limo katika hati ya mwaka 1157, kwamba ndugu waligawana ngome mwaka 1268 wakawa matawi matatu yenye nyumba zake ndani ya ukuta mmoja, na kwamba ukoo huo ungali mwenye mali hadi leo. “Ndugu watatu, na haijauzwa?” mjomba aliuliza kwa Kiswahili, kwa mshangao wa dhati. “Kwetu ingekuwa imeshafika mahakamani mara saba.” Kwenye chumba cha kulala aligundua choo cha kale ndani ya ukuta, na alipoelezwa kwamba ngome ina vyoo karibu 20 vilivyosafishwa kwa maji ya mvua, aliinama kuchungulia bomba linaelekea wapi, mpaka kiongozi akamwomba arudi upande wetu wa kamba.

Ukumbi wa mashujaa ndio ulioharibu kila kitu. Kuna vinyago vya wachekeshaji ukutani, na juu ya mlango kuna waridi. Vinyago, alisema kiongozi, vilimpa kila mtu ruhusa ya kusema atakacho humu. Waridi liliwafunga wote kwamba yaliyosemwa humu hayatoki nje. Akanyamaza ili maneno yaingie. Ndani ya ukimya huo, simu yangu, iliyokuwa haina mtandao tangu maegesho, ikaupata, na taarabu ikajaa ukumbini.

Alikuwa binti wa mjomba. “Kaka, mko wapi? Keki imekatwa, na baba mkwe amegeuka rangi. Wanadhani baba amekataa!” Kwa Wajerumani hao, mtu aliyechelewa robo saa bila taarifa ama amekufa au amebadili nia. Mzee wa watu alikuwa amejifunza sentensi moja ya Kiswahili kwa wiki kadhaa, na sasa aliona heri aitoe kabla haijamtoka kichwani. Kabla sijamjibu, mjomba alikuwa ameshaichukua simu na kubonyeza spika.

“Hodi,” simu ikasema, ikitetemeka. “Tumekuja kuomba ua katika bustani yako.”

Kundi zima liligeuka. Mjomba akajiweka sawa koti, akatafuta jibu la heshima kwa Kijerumani, akapekua spana, akapita matusi kwa taabu iliyoonekana usoni, na mwisho akafika kwenye amri ambayo nahodha huiteremsha kwa fundi wa injini meli ikishatoka bandarini. Akaitoa kwa sauti iliyogonga dari: “Nguvu zote mbele!”

Upande wa pili pakawa kimya, kisha zikasikika vifijo na sauti ya kiti kuanguka. Ukumbini mama mmoja aliuliza kumetokea nini, kiongozi akawaeleza alivyobahatisha, na wote wakapiga makofi. Tulipewa mikono hadi jikoni, mwisho wa ziara.

Tuliingia Trier saa kumi na moja jioni, vifuta kioo vikifanya kazi. Wakwe walitupokea mlangoni kwa bashasha ya watu ambao jambo lao limekwisha. Lakini mjomba alipoketi na kupewa kahawa, aliniagiza nitafsiri neno kwa neno: kwamba anasikia pana watu wanaodai amekwisha kukubali posa, kwamba maneno hayo, kama yalisemwa, yalisemwa chini ya waridi la Eltz, na kwa sheria ya Wajerumani wenyewe, iliyotamkwa na kijana wa serikali ya ngome, hayakuruhusiwa kutoka nje, na kwamba kwa hiyo hadi dakika hii hakuna mtu aliyekuja kumposa binti yake, wala hajaona kilemba cha baba wala mkaja wa mama.

Niliitafsiri yote. Baba wa bwana harusi akamtazama mkewe, akaweka kikombe chini, akatoka nje, akaufunga mlango nyuma yake, na akabisha hodi.