Fulana niliyoichagua ilikuwa sahihi, muulizeni mjomba

Niseme mapema kabisa, fulana niliyoichagua ilikuwa sahihi na mpaka leo nasimamia hapo hapo, yaliyotokea porini hayakuletwa na fulana, na nyie mnaorushiana ile video yangu na nyuki kwenye magrupu ya WhatsApp mjue mnamcheka mtu aliyefanya utafiti.

Sisi tunafuga nyuki huku Tabora, upande wa kwenda Sikonge, mizinga yetu iko kwenye miombo, mingine ya mbao ya kisasa na mingine bado ile ya magome ya babu zetu. Kurina asali kwa kawaida ni kazi ya jioni au usiku, jua likishazama nyuki wanapunguza ukali na wewe mwenyewe unapumua. Sasa tukapata mgeni, afisa wa mradi fulani ambao siutaji, akasema anataka video ya kikundi kikiwa kazini, na video inataka mwanga, kwa hiyo tutarina mchana. Mwezi wa kumi. Mtu ambaye hajakaa Tabora mwezi wa kumi, mvua bado haijadondoka, hawezi kuelewa kwa nini wazee wote walikaa kimya wakatazamana, halafu mmoja akauliza kama posho ipo. Posho ipo. Basi tukakubaliana mchana.

Shida yote ni lile vazi. Ovaroli ya nyuki ni kitambaa kizito, mikononi mpira, miguuni mpira, zipu mpaka kooni, juu kofia ya wavu nayo ina zipu yake, glavu zinafika kwenye kiwiko, chini gambuti. Hakuna mahali panapoingiza upepo maana upepo ukipata njia na nyuki kapata njia. Kuna zile ovaroli za kisasa za wavu tabaka tatu zinapitisha hewa vizuri sana, bei yake sasa, acha tu. Nikiwa na ovaroli yetu hii na fulana ya kawaida ya pamba ndani, mchana mmoja niliitoa ile fulana nikaikamua jasho likachuruzika mpaka kuku wa jirani akasogea kuangalia kuna nini. Na ukiwa mle ndani jasho linashuka kwenye nyusi linaenda jichoni, huwezi kufuta, mkono una glavu iliyojaa asali na uso uko nyuma ya wavu, unalitazama tu linavyokuja.

Ndo nikampigia binamu yangu wa Dar anayecheza kikapu. Akanambia kaka shida yako ni pamba. Akanieleza vizuri kabisa, kwamba jasho halikupozi kwa kutoka, linakupoza likikauka, sasa pamba inayanywa yale maji inabaki nayo hapo hapo mgongoni, inakuwa nzito, inakukwangua kwapani, wakati poliesta nyuzi zake hazinywi maji, jasho linatambaa katikati ya nyuzi linatoka kwenye ngozi linaenda upande wa nje, na ovaroli yangu ya pamba ikiwa juu yake italipokea lisirudi mwilini. Akaongeza kwamba hata Kevin Plank aliyeanzisha Under Armour mwaka 1996 alikuwa mchezaji wa ule mpira wa Kimarekani wa kuvaa mapedi, alichoka kubadilisha fulana za pamba zilizolowa chini ya mapedi yake akaamua kutengeneza za kitambaa kingine. Nikasema huyu sasa ndo mtu wangu, mapedi na ovaroli kuna tofauti gani.

Mjomba aliposikia akacheka, akasema mjomba unahangaika nini, si uvae jezi, jezi si ni hiyo hiyo poliesta. Nikajaribu. Jezi ya timu gani sitaji maana tutahamia huko na stori itaishia njiani. Kitambaa cha pembeni kweli kilikuwa kizuri, ila kifuani kuna lile tangazo kubwa la mdhamini limegandishwa kwa plastiki, hapo hapapiti kitu, jasho likajikusanya nyuma ya mdhamini lote, nikivuta pumzi linanata nikitoa pumzi linabanduka, nilikuwa natoa sauti wakati natembea.

Nikaenda mnadani kwenye mitumba. Binamu alishanipa kipimo, weka tone la maji kwenye kitambaa, likikaa juu limeviringika hicho hakifai, likizama likabaki doa dogo zito hiyo ni pamba, likitambaa haraka likawa pana na jembamba hapo umepata. Kwa hiyo nikainunua chupa ya maji nikachuchumaa kwenye turubai nikaanza kazi. Tone hapa, nasubiri, natazama, tone pale. Kijana mwenye mzigo alinivumilia mwanzoni akidhani nina mawazo. Nilipofika kwenye rundo la pili akanisimamia kichwani.

"Mzee wangu, unanunua au unazibatiza?"

Nikamwambia kijana tulia, hii ni sayansi. Akasema sayansi kanunue dukani, hizi nimezipiga pasi. Wateja wengine wakaanza kukusanyika, mama mmoja akaniomba na yeye nimpimie gauni. Nikalipima, likafeli, akaliacha, kijana akataka kulia. Lakini nikaipata bwana! Rangi ya kijivu cheupe, maana nguo nyeusi nyuki hawaipendi hata kama iko ndani kola inaweza kuchungulia, mishono imelazwa bapa haikwaruzi, kwapani ina vitundu, na tone nililoliweka likatambaa mpaka likawa pana kuliko kiganja. Inabana kidogo inavyotakiwa, maana isipogusa ngozi hilo jasho italitoaje. Elfu nne. Nikalipa bila kupatana ili kumfariji kijana.

Siku ya video nikatokea mjini kwa shangazi. Nikamsalimia shikamoo nikamuaga, sasa shangazi zetu mnawajua, huwezi kutoka kwake mikono mitupu, akanifungashia ndizi mbivu, zile za kisukari zilizoiva mpaka ganda lina madoa, akazisukumiza ndani ya begi langu juu ya fulana akasema mkale na mjomba wako. Nikapanda bodaboda. Barabara ya kule ni ya kuruka ruka na yule dereva kila shimo alikuwa analiheshimu kwa kuliingia. Tulipofika nikafungua begi ndizi zimeshakuwa uji, fulana imo katikati. Nikakung'uta, nikafuta na majani, nikaisuuza kidogo na maji ya dumu, na kwa sababu kitambaa chenyewe ni bora ikakauka kwenye tawi wakati wenzangu wanawasha bomba la moshi la kutulizia nyuki. Nikawaonyesha mjomba na wenzake, oneni, imeshakauka, ya pamba ingekuwa bado inadondosha. Ikabaki na kaharufu ka ndizi, nikaona afadhali hiyo kuliko harufu ya mjomba.

Tukavaa. Jua la saa saba. Kamera ikawashwa, afisa kasimama mbali kabisa karibu na gari lake anatupungia mkono tusogee. Na hapa nataka mnielewe, fulana ilifanya kazi. Mjomba ndani ya singlendi lake la pamba baada ya muda mfupi alikuwa anahema, ovaroli imemganda mgongoni imelowa mpaka nje, mimi nimesimama mkavu nazungumza na kamera, naeleza mambo ya nyuzi, jasho linavyotambaa, nimemtaja mpaka Kevin Plank. Ipo kwenye video mwanzoni, ile sehemu ambayo watu wanairuka.

Mjomba akafungua mzinga wa kwanza, akapuliza moshi, nikainama kuangalia masega. Nyuki mmoja akatua kifuani kwangu. Sawa. Wakaja watatu. Halafu ule mvumo ukabadilika, wafugaji mnaujua, ule mvumo wa kazi unapanda juu unakuwa mwembamba na unajua hapa tumeshagombana. Wakatoka wote. Watu tulikuwa wengi pale, mjomba yupo, katibu yupo, vijana wa kubeba ndoo wapo, hakuna aliyeguswa. Wote kwangu. Kifua chote kikawa cheusi, wavu wa kofia ukafunikwa sioni mbele, nasikia tu mjomba anauliza, "Mjomba umewafanya nini hawa?"

Afisa nyuki wa wilaya alikuja kunieleza baadaye, tena bila kucheka, namheshimu mpaka leo. Nyuki akichoma anaachia harufu ya kuwaita wenzake waje wachome hapo hapo, na kitu kikubwa ndani ya hiyo harufu ni isoamili asetati, wanasayansi wameshakijua tangu 1962, na hicho hicho ndo kinachoipa ndizi mbivu harufu yake. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimevaa tangazo la vita. Na poliesta jasho inalitoa vizuri ila harufu inaing'ang'ania, nayo ikishapata joto la mwili chini ya jua la saa saba inapanda inatokea shingoni. Wafugaji wa zamani hawali ndizi kabla ya kwenda mzingani. Mjomba alikuwa anajua! Miaka yote alikuwa anajua, nilipomuuliza akasema nilidhani unakuja kula, sikujua umekuja kuvaa.

Nikaanza kurudi nyuma taratibu kama tulivyofundishwa, nikainama kukwepa tawi, ovaroli ikavutika mabegani ikabana mwilini, na hapo ndipo mwiba unapofika. Ovaroli ikiwa imelegea mwiba unaishia hewani, ikibana inakuwa haipo. Wa kwanza begani, wa pili mgongoni, na kila aliyechoma akaongeza harufu juu ya ile ya shangazi. Utaratibu ukaishia hapo. Nikatoka mbio kuelekea kwenye gari la afisa nikijua nitafunguliwa, mtu kaniomba video mwenyewe, nikamuona kwenye kioo ananitazama na huku mkono wake unabonyeza loki za milango yote minne. Akashusha kioo kidogo, kidogo sana, akasema, "Jitahidi, uko vizuri," akapandisha.

Mjomba anapiga kelele usivue! usivue! ingia vichakani! Nikaingia vichakani, hilo ni kweli linasaidia maana kwenye matawi nyuki wanakupoteza, ila mimi hawakuwa wananifuata kwa macho. Nikavuka vichaka nikatokea njia ya baiskeli, nikakutana na jirani yetu mmoja mtu mzima anasukuma baiskeli ina magunia ya mkaa. Akaniona, akasimama kwa heshima, akaanza, "Habari za mchana, vipi mbona..." halafu akasikia ule mvumo. Yule mzee aliiachia ile baiskeli ikaanguka na mkaa wake akageuka akakimbia, na ana miaka yake, lakini alinipita akaniacha nyuma, na tulipofika kwenye mto mkavu alikuwa ameshavuka ng'ambo ananionyesha njia.

Hapo kwenye mto nikaamua. Wawili walishaingia ndani ya kofia na mmoja anatembea kwenye sikio. Nikafungua zipu, nikatoka kwenye ovaroli na gambuti zikabaki zimesimama mchangani, nikavuta ile fulana kichwani nayo kwa sababu inabana vizuri inavyotakiwa ikakwama kwenye viwiko, nikazunguka zunguka pale nimefungwa mikono juu sioni kitu, mpaka ikatoka nikaitupa juu ya mti wa miiba. Kundi zima likaenda na fulana. Nilisimama pale na bukta tu nikitazama nguo ya elfu nne inavyopigwa.

Yule mzee akanikwangua miiba ya nyuki mgongoni kwa ukucha, haraka haraka, hasemi kitu, mwisho akaniuliza, "Ndizi hizo umezitoa wapi?" Hata yeye alikuwa anajua.

Nilivimba mpaka shati la kawaida halikufungika. Jioni shangazi akapiga simu kuuliza kama ndizi zilifika salama na kama mjomba amezifurahia, nikamwambia zimefurahiwa sana, tena na wengi. Afisa akasema video imetoka nzuri na ataitumia kufundishia vikundi vingine mambo ya usalama, na posho yangu akaikata kidogo maana sikumaliza zoezi.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Usiku ule ule mjomba alirudi mtoni na tochi, nyuki wamelala, akaichukua fulana yangu kwenye miiba, akailoweka siku nzima kwenye maji ya sabuni na magadi mpaka harufu ikaisha, akaanika. Tulipokwenda kurina tena namuona anavua shati ndani anayo. Nikamwambia mjomba naomba fulana yangu. Akanambia mjomba, wewe ulishaitupa porini, kitu cha porini ni cha aliyekiokota, sheria ya asali ndo hiyo hiyo. Akavaa ovaroli akafanya kazi mpaka mwisho mkavu kabisa, akatoka anajipapasa kifua anawaambia wenzake hizi nyuzi hizi, jasho linatambaa linatoka nje, na mimi pembeni nakamua pamba.

Nikanunua chupa nyingine ya maji nikarudi mnadani. Yule kijana wa mitumba aliponiona tu kwa mbali akaanza kukunja turubai.