Kwato za Mabatini

Kwa kuwa jirani yangu ameshaitangaza ajali yangu ya mawe ya Mabatini tangu jana usiku, na kwa toleo lake nililia, ngoja niwape la kwangu. Sikulia. Nilipiga yowe. Ni vitu viwili tofauti.

Si mnajua kaka aliyeko Wales kanialika Januari, tukapige ule mzunguko wa mlima Snowdon kwenye theluji? Nikamcheka: kilele mita 1,085! Ziwa letu lenyewe, Victoria, liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Sato wa Mwaloni anaogelea juu kuliko mlima wenu! Akanijibu taratibu kwamba njia inapita Crib Goch, mgongo mwembamba wa mawe, korongo huku na huku, na wakati wa barafu huendi bila kramponi.

Ni fremu ya chuma ya kufunga chini ya buti, meno 10 au 12, mawili yakichomoza mbele ya vidole. Nikaipata jozi kwenye lundo la mitumba Mlango Mmoja. Muuzaji alidhani ni mtego wa fisi.

Theluji hatuna, ila mawe tunayo ya kugawa. Jana jioni nikapanda Mabatini, mtaa wetu wa mawe hapa Mwanza, kufanya mazoezi.

Wajuzi chekeni sasa. Buti langu lina soli laini. Lilipinda, chuma hakipindi, mikanda ikalegea. Halafu jiwe si barafu, meno hayazami. Unasimamia ncha tupu kama bibi harusi mwenye viatu vya kuazima. Na nilivaa suruali ya bwanga.

Nipo katikati ya jiwe lililoinama. Chini anapanda mama mmoja, ndoo ya lita 20 kichwani, kandambili miguuni, hajaishika hata kwa kidole. Adabu ni adabu. Nikageuka: "Shikamoo mama."

Kramponi zinataka utanue miguu kama kijana aliyetoka jandoni juzi. Mimi nilibana. Jino la mbele la kulia likaingia kwenye pindo la kushoto. Nikalitazama. Nikavuta, likazama zaidi. Nikainua mguu, na mwenzake akaja naye. Nikaliona ziwa lote. Nikaona mabati. Nikaona mjusi wa kichwa chekundu akipiga pushapu, kama ananionyesha mazoezi ya watu wenye akili. Kisha nikakaa, nikaanza kuteremka kwa makalio, polepole, chuma krrrrrr, cheche hizo, suruali ikifumuka kutoka pindo hadi pasipotajwa.

Nikakomea kwenye kandambili za mama. Ndoo haikumwaga tone.

"Marahaba," akaitikia. "Mwanangu, hizo kwato za nini?"

Mengine mafupi: khanga yake kiunoni kwangu, bodaboda, sindano ya pepopunda, mke wangu kuniuliza khanga ni ya nani. (Hilo bado linaendelea.) Toleo la jirani limeshafika Wales, kaka anauliza kama naja kwa ndege au kwa mbio.

Kramponi ya kushoto imebaki kule juu, kwenye ufa. Ukiiona, usiniletee.