Pikapu ya Mzigo Yatosha Kuinuliwa Sentimita Nne

Kila msimu wa maembe unapowadia, mimi hupita mara mbili au tatu kwa wiki katika njia za ndani za Magarini, baina ya Mambrui na Marafa, nikiendesha Hilux ya milango minne ya toleo la kabla ya mwaka 2015. Wanaozijua njia hizo wanakumbuka jinsi malori yanavyochimba mifereji miwili wakati wa mvua, na jinsi tuta linalobaki katikati linavyokauka na kuwa gumu kama tofali. Tuta hilo ndilo lililonisukuma kufikiria matairi makubwa zaidi, kwa kuwa difu ya nyuma, lile tumbo la gia lililo katikati ya ekseli, ilikuwa ikiliparuza safari baada ya safari, hata ikaanza kuvuja oili.

Hapa Malindi siku hizi si ajabu kukutana na pikapu iliyoinuliwa hadi mtu mfupi anahitaji kudandia ndipo aingie. Siwalaumu wenye nazo, lakini naamini kwa dhati kwamba kwa gari linalobeba mzigo, nyongeza ya sentimita nne pamoja na tairi kubwa kwa saizi moja tu inatosha kabisa, na kila sentimita inayozidi hapo inamtoza dereva gharama ambayo haionekani siku ya kutoka gereji.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulikosea. Kuinua springi hakuinui difu ya nyuma hata kidogo. Ekseli ya nyuma imebebwa na magurudumu yenyewe, nazo springi hubeba kilicho juu yake, yaani fremu, injini, bodi na mzigo. Kwa hiyo ukiongeza springi bila kubadilisha matairi, gari litaonekana refu huku difu ikiendelea kuparuza tuta lile lile. Kinachoiinua difu ni tairi, na kazi ya springi ni kulipa tairi hilo nafasi ya kuzunguka bila kugusa madigadi. Gari langu lilikuja na matairi ya 265/65 R17, ambayo kipenyo chake ni takriban milimita 776. Tairi la 265/70 R17 lina kipenyo cha takriban milimita 803. Tofauti ni milimita 27, na nusu yake, yaani milimita 13 au 14, ndiyo inayoiondoa difu juu ya ardhi. Msomaji anaweza kuona ni kidogo, lakini tuta linaloparuzwa kwa kina cha sentimita moja haliparuzwi tena.

Mtu anayetamani 285/70 R17 anapata kipenyo cha takriban milimita 831, na hapo ndipo hesabu inapobadilika. Saa ya mwendo inadanganya kwa karibu asilimia 7, hivyo inapoonyesha kilomita 80 kwa saa gari liko kwenye 86. Injini inavuta kana kwamba gia zote zimepanda kidogo, na breki zinalazimika kusimamisha gurudumu zito zaidi lenye mkono mrefu zaidi, yaani umbali kutoka katikati yake hadi ardhini. Kwa saizi niliyoichagua mimi kosa la saa ni kama asilimia 3 na nusu, jambo ambalo dereva mwangalifu anaweza kulizoea.

Sasa nieleze lililonipata, kwa sababu ndilo linalonifanya niandike. Gereji ya kwanza niliyoiendea iliweka ringi za chuma juu ya springi za mbele na vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za nyuma, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Siku tatu baadaye nilikuwa nikirudi na mzigo kamili wa maembe, manyunyu yakiwa yamelowesha lami, nikiteremka kuelekea daraja la Sabaki. Mbele yangu matatu ilisimama kushusha abiria. Nilikanyaga breki, pua ya gari ikainama sana, na gari likaendelea kwenda mbele kuliko nilivyotarajia, hata nikalazimika kutoka nje ya lami. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi nikafika mjini.

Fundi mmoja mzee alilala chini ya gari dakika chache tu, akatoka akaniambia, "Mwanangu, hizi breki za nyuma hazijui kama umebeba kitu." Akanionyesha vali iliyofungwa kwenye fremu juu ya ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayoshuka kuishika ekseli. Gari linapopakiwa, fremu hushuka, fimbo husukumwa, na vali huruhusu nguvu zaidi ya breki iende nyuma. Gari likiwa tupu fremu huwa juu, nayo vali hupunguza nguvu hiyo ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Fremu yangu ilikuwa imeinuliwa bila fimbo kurekebishwa, na kwa hiyo vali iliamini kwamba gari lilikuwa na mzigo mdogo kuliko uliokuwemo, siku nzima, nikiwa na maembe hadi ukingoni. Kurekebisha kipande kinachoishikilia fimbo hiyo ni kazi ndogo. Kutokuifanya, kwa maoni yangu, ni uzembe usiosameheka, na kila mwenye pikapu iliyoinuliwa anapaswa leo hii kuinama nyuma ya gari lake aone kama imefanywa.

Vile vyuma niliviondoa vyote. Badala yake nilinunua springi zilizotengenezwa kwa urefu wa milimita 40 zaidi, pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo, kwa sababu shokomzoba fupi chini ya springi ndefu hufika mwisho wake kila gurudumu linapoingia shimoni na hufa mapema. Springi huchaguliwa kwa uzito unaobebwa kila siku. Ukifunga za tani moja kwenye gari linalobeba watu wawili na mfuko wa unga, litarukaruka kwenye vijimawimbi vya barabara ya vumbi mpaka usukani ukuchoshe. Ukifunga laini kwa mzigo mzito, sentimita zako nne zitalala chini siku ya kwanza ya mavuno.

Yapo mengine. Shafti za mbele hukaa kwa pembe kali zaidi, na mipira yake huchanika upesi ikiwa gari limeinuliwa zaidi ya sentimita tano hivi. Alaimenti, yaani unyoofu wa magurudumu, lazima ipimwe upya siku hiyo hiyo. Taa za mbele nazo zishushwe, maana pua iliyopanda humulika macho ya anayekuja, na barabara ya Mombasa usiku ina hatari za kutosha. Pia, yule anayehangaika zaidi na mchanga wa Ngomeni kuliko matuta ya Magarini, namshauri kwanza apunguze upepo wa matairi yake ya sasa hadi pauni 20 hivi na kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Huenda akagundua kwamba hahitaji kununua chochote.

Baada ya kilomita 500 nilirudi kwa yule mzee, akakaza tena yubolti za nyuma, zile bolti zilizopinda zinazofunga springi kwenye ekseli, ambazo mbili zilikuwa zimelegea kidogo, na akapima urefu kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Springi zilikuwa zimekaa kwa milimita sita. Akaishusha fimbo ya vali kwa kiasi hicho hicho, kisha tukapakia magunia kumi ya nazi na kwenda kuzijaribu breki kwenye barabara tupu kabla hajakubali kupokea malipo yake.